Baada ya Gemu Kumalizika: Maswali Yenu Kuhusu Filamu za Mwendelezo

Katika toleo lililopita tuliitaja, kwa aya moja tu, filamu ya uhuishaji ya Kijapani Final Fantasy VII: Advent Children, iliyotoka mwaka 2005 ikiwa mwendelezo wa gemu ya Final Fantasy VII ya mwaka 1997. Aya hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima tuliyoiandaa kwa majivuno katika ukurasa uliofuata, kwa hiyo safari hii tumewaachia nafasi yote walioandika. Maswali haya hayajibiki bila kueleza yanayotokea katika gemu na katika filamu. Msomaji ambaye bado hajayaona na hataki kuharibiwa utamu na auruke ukurasa huu, aurudie siku nyingine.

*Ndugu Mhariri, mdogo wangu ameisifu filamu hiyo mpaka nikakubali kukaa naye kuitazama. Picha ni nzuri, sikatai. Lakini tangu mwanzo hadi mwisho sikuelewa nani ni nani: watu wanapigana juu ya majengo, wanatajiana majina ya watu ambao hatujawaona, na mwishoni wanatabasamu kana kwamba kuna jambo kubwa limekwisha. Gemu yenyewe sijawahi kuicheza. Je, tatizo ni langu au ni la filamu? — Msomaji, Morogoro*

Si lako, ndugu yetu. Filamu hii haikutengenezwa kwa ajili yako, wala haikulificha jambo hilo, kwa sababu mwanzoni kabisa huonekana maandishi yanayoitoa kazi hii kwa wale walioupenda ulimwengu ule na kusuhubiana na watu wake. Wewe umeingia katika harusi ambayo hujui hata bwana harusi ni mtoto wa nani, kisha ukashangaa kwa nini wageni wengine wanafuta machozi.

Tukupe basi yale ambayo wenzako walikuja nayo. Katika gemu, kampuni iitwayo Shinra inanyonya kutoka ardhini nishati ya Mako, na nishati hiyo ndiyo uhai wenyewe wa sayari, mkondo ambao roho za waliokufa huurudia. Kundi dogo la wapinzani linalipua mitambo ya kampuni hiyo katika jiji la Midgar, na mamluki kijana, Cloud Strife, anakodiwa kuwasaidia. Polepole adui anabadilika. Anakuwa Sephiroth, askari aliyewahi kuwa shujaa wa taifa, ambaye amegundua kwamba aliumbwa katika maabara kwa chembe za Jenova, kiumbe aliyeshuka kutoka angani yapata miaka 2000 iliyopita. Sephiroth anaita kimondo kije kuijeruhi sayari. Aerith, msichana muuza maua, ndiye peke yake awezaye kuiombea sayari ulinzi, na Sephiroth anamuua mbele ya macho ya mchezaji mwishoni mwa diski ya kwanza kati ya diski tatu. Kimondo kinakuja kuzuiwa dakika za mwisho, mkondo wa uhai unapofumka kutoka ardhini.

Filamu inaanzia miaka 2 baada ya hapo. Cloud anapeleka vifurushi kwa pikipiki kubwa iitwayo Fenrir. Tifa, rafiki yake wa tangu utotoni, ana baa katika Edge, mji mpya uliojengwa kando ya magofu ya Midgar. Ugonjwa uitwao Geostigma, unaoacha madoa meusi mwilini, unaua watu, hasa watoto. Na vijana watatu wenye nywele za rangi ya fedha, Kadaj, Loz na Yazoo, wanayatafuta mabaki ya Jenova ili Sephiroth arudi.

Hayo yote filamu inayasimulia kwa haraka mwanzoni kwa sauti ya mtoto, Marlene, lakini muhtasari wa dakika chache hauwezi kufanya kazi ambayo gemu ilichukua saa 40 hivi kuifanya. Aliyecheza hakusimuliwa kwamba Aerith alikufa. Yeye ndiye aliyemchagulia silaha, aliyemfundisha uganga wa kuponya wenzake, aliyemkuza hatua kwa hatua, na siku iliyofuata nafasi ya Aerith katika kikosi chake ilikuwa wazi. Filamu inapotaja jina hilo kwa nusu sekunde tu, mchezaji huyo haombi maelezo.

Chukua tukio moja ulione jambo hili kwa karibu. Tifa anapigana na Loz ndani ya kanisa bovu ambamo Aerith alikuwa akiyatunza maua yake. Anamtupa, vumbi linatimka, kimya kinaingia, na ghafla unasikika muziki mfupi wa ushindi. Aliyecheza gemu ameusikia muziki huo mara mamia, kwa kuwa ndio unaopigwa kila pambano linapokwisha, na mwili wake unalegea wenyewe kabla hajafikiri. Kumbe ni simu ya Loz inayoita. Loz anainuka, na pambano linaendelea. Kwako hiyo ilikuwa simu iliyolia katikati ya ugomvi. Kwa mchezaji ilikuwa hila iliyotegwa ndani ya mazoea yake mwenyewe, na kwa maoni yetu hakuna sehemu nyingine katika filamu yote iliyotungwa kwa akili kuliko hiyo.

Ukitaka kuirudia kwa haki, icheze kwanza gemu ya 1997, ambayo leo inapatikana hata kwa simu ya mkononi. Usitegemee masimulizi yake mapya, Final Fantasy VII Remake ya 2020 na Rebirth ya 2024, kwa maana hayo hayajafika mwisho wa hadithi, tena yanaibadilisha makusudi kadiri yanavyokwenda.

*Shikamoo Mhariri. Niliimaliza Final Fantasy VII kwa PlayStation ya kaka yangu. Katika gemu Cloud anachanganyikiwa, anaugua, kisha anapona na kuwa mtu anayejijua. Filamu inaanza naye akiwa mnyonge tena: hapokei simu, anawakimbia rafiki zake, hasemi. Je, waandishi waliisahau hadithi yao wenyewe? — Kijana, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Lalamiko lako limerudiwa na wachezaji wengi tangu 2005, na linastahili jibu refu kidogo.

Kwanza, mwandishi ni yuleyule. Kazushige Nojima aliandika hadithi ya gemu, na yeye ndiye aliyeandika filamu; Yoshinori Kitase aliyeiongoza gemu alikuwa mtayarishaji wa filamu; na Tetsuya Nomura, aliyewachora wahusika mwaka 1997, ndiye mwongozaji wake, akisaidiwa na Takeshi Nozue. Kwa hiyo usahaulifu si neno tutakaloliweka mezani.

Sasa tazama ni nini hasa kilichopona katika gemu. Cloud alikuwa ameyachukua maisha ya rafiki yake Zack na kuyafanya yake, mpaka akaamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa askari wa kikosi cha Shinra chenye sifa. Tifa akiwa pamoja naye ndani ya mkondo wa uhai anamsaidia kuzipanga kumbukumbu zake, na kuanzia hapo Cloud anajua yeye ni nani. Kujua huko hakukumwondolea wafu wake. Zack aliuawa akimlinda, Aerith aliuawa hatua chache tu kutoka aliposimama, na gemu haikumpa nafasi ya kuwalilia, kwa sababu kimondo kilikuwa kimening'inia angani na kila saa ilikuwa na kazi yake. Aliyewahi kufiwa anaujua uzito unaokuja wageni wakishaondoka. Miaka 2 ya amani ndiyo iliyompa Cloud nafasi ya kukaa na jambo hilo, na sisi hatuoni kwamba hadithi imerudi nyuma hapo.

Kuna sababu ya pili, na hapa ndipo tunapokubaliana nawe kwamba filamu ina kosa. Mtoto Denzel, yatima mgonjwa anayeishi na Cloud na Tifa, ana historia ambayo Nojima aliiandika katika hadithi fupi nje ya filamu. Wazazi wa Denzel walikufa siku Shinra ilipoiangusha sehemu ya juu ya Mtaa wa 7 wa Midgar ili kuwaponda wapinzani waliojificha chini yake. Wewe uliyecheza unajua wapinzani hao walikuwa nani: kikosi chako mwenyewe, baada ya mabomu uliyoyatega kwa mkono wako katika saa ya kwanza ya gemu. Cloud basi anamlea mtoto aliyefanywa yatima na vita ambavyo yeye alikuwa upande mmojawapo, anamwona akioza paji la uso kwa ugonjwa, na yeye mwenyewe ana ugonjwa huohuo katika mkono wa kushoto, ameufunika kwa nguo ili asionekane. Anahama nyumbani, anakwenda kulala katika kanisa la Aerith. Ukiyajua hayo, kutopokea simu kwake kunaeleweka kabisa. Lakini filamu ya 2005 ilimwonyesha mtazamaji mtoto mgonjwa na kijana aliyenuna, basi. Chanzo cha huzuni kiliachwa kwenye karatasi nyingine, na mtazamaji hawezi kulaumiwa kwa kutosoma karatasi ambayo hakupewa.

Hata hivyo, simu hiyo ya Cloud imetumiwa vizuri kuliko maneno yake yote. Inapotumbukia ziwani inazama taratibu huku sauti za ujumbe wa rafiki zake zikisikika moja baada ya nyingine, watu waliompigia na kumkosa, na ya mwisho ni ya Aerith. Gemu ya 1997 haikuwa na sauti za wahusika. Kila neno ulilisoma katika kisanduku cha buluu. Kuwasikia wote wakimwita mtu asiyeitika ni jambo ambalo gemu ile isingeweza kulifanya, na ingekuwa heri filamu ingekuwa na matukio matatu zaidi ya aina hiyo badala ya mapambano mawili ya ziada.

Jambo la mwisho kwako, kwa kuwa barua yako inaonyesha u mchezaji makini. Unakumbuka gemu inavyomalizika: miaka 500 baadaye, Red XIII, yule mnyama wa kikosi chako, akiwa na watoto wake wawili juu ya jabali, akiitazama Midgar iliyofunikwa na majani, bila mtu hata mmoja kuonekana. Wachezaji walibishana miaka mingi kama wanadamu walinusurika. Filamu inaanza na jabali hilohilo na wanyama haohao, kisha inaandika kwamba tunarudi nyuma miaka 498. Kwa hesabu hiyo ndogo Nojima alijipatia mahali pa kusimulia pasipo kuufuta mwisho wa gemu, wala kuueleza zaidi ya ulivyokuwa. Watangulizi wake walichagua njia rahisi zaidi: mwaka 1994 studio ya Madhouse ilipotengeneza Legend of the Crystals, mwendelezo wa Final Fantasy V katika vipindi vinne ulioongozwa na Rintaro, hadithi ilirushwa miaka 200 mbele, ikapewa mashujaa wapya, ili wale wa mchezaji wasiguswe. Kuwagusa baada ya miaka 2 tu kulihitaji ujasiri, na ujasiri huo una gharama, nayo ni barua kama yako.

*Mhariri, nimeambiwa kuna matoleo mawili ya Advent Children. Nitafute lipi? — Msomaji, Dar es Salaam*

Tafuta lile la mwaka 2009 liitwalo Complete. La kwanza lina dakika 101, la pili lina dakika 126, na sehemu kubwa ya nyongeza imekwenda kwa Denzel na kwa Zack, yaani kwa yale tuliyomweleza kijana wa Mombasa hapo juu. Pambano la mwisho kati ya Cloud na Sephiroth limeongezwa pia, na lina damu ambayo toleo la kwanza halikuwa nayo. Kama unasoma maandishi ya tafsiri bila kuchoka, sikiliza sauti za Kijapani; za Kiingereza si mbaya, ila midomo imechorwa kwa ajili ya lugha ya kwanza na jicho linaliona hilo.

*Mpendwa Mhariri, ninasomea uhuishaji wa kompyuta chuoni. Ninachokitaka kukijua ni hiki: kwa nini kampuni ya gemu, ambayo ilikuwa imepata hasara kubwa kwa filamu mwaka 2001, irudi kutengeneza filamu nyingine badala ya gemu ya pili ambayo wachezaji walikuwa wakiiomba? — Mwanafunzi, Nairobi*

Umeuliza swali ambalo jibu lake limo ndani ya hasara hiyohiyo. Square, kampuni inayotengeneza gemu za Final Fantasy, ilijenga studio huko Honolulu, Hawaii, na Hironobu Sakaguchi, muasisi wa mfululizo wa Final Fantasy, akaongoza The Spirits Within, filamu iliyotaka kuonyesha binadamu wa kompyuta wasiotofautishika na binadamu wa kweli. Iligharimu takriban dola milioni 137 na kuingiza takriban dola milioni 85 duniani kote. Studio ilifungwa. Miaka 2 baadaye Square iliungana na mshindani wake Enix, na muungano huo ulikuwa umecheleweshwa kwa sababu ya hasara ile.

Lakini angalia filamu ile ilikosa nini. Ilibeba jina la Final Fantasy bila kuwa na mhusika hata mmoja, mahali hata pamoja wala tukio hata moja ambalo mchezaji yeyote alilifahamu. Hadithi yake ilikuwa ya dunia hii yetu, mwaka 2065. Mashabiki hawakuona kilicho chao, na wasio mashabiki hawakuwa na sababu ya kulifuata jina. Advent Children ilifanya kinyume katika kila hatua. Haikupelekwa kwenye majumba ya sinema kutafuta umati wa dunia nzima. Ilitoka moja kwa moja kwa DVD na kwa diski ndogo za PlayStation Portable, Septemba 14, 2005, kwa ajili ya watu waliokwisha kuinunua gemu, na watu hao walikuwa mamilioni.

Tena haikuanza kama filamu. Idara ya Square iitwayo Visual Works, ambayo kazi yake ya kila siku ni kutengeneza vile vipande vya sinema vinavyokatiza mchezo, ilipanga kazi fupi ya dakika 20 hivi: watoto wanapokezana ujumbe unaopaswa kumfikia Cloud, na mwishoni unamfikia. Nomura alipoingia, kazi ikarefuka hadi ikawa filamu kamili. Mwaka 2004 kipande ambacho hakijakamilika kilionyeshwa katika tamasha la filamu la Venice. Wewe kama mwanafunzi wa fani hii huna budi kuutazama mwanzo huo, maana unaeleza uzuri na udhaifu wa filamu kwa pamoja. Hawa walikuwa mafundi wa dakika mbili. Katika gemu, kipande cha sinema kilikuja kama zawadi: mchezaji ametoka jasho kwa saa kadhaa akiwaongoza wanasesere wenye mikono kama matofali, kisha ghafla anaonyeshwa wahusika walewale wakiwa na vidole, na nywele zinazopeperuka, kamera ikizunguka jiji zima. Ukiziunganisha zawadi 50 bila jasho katikati, mtazamaji hushiba mapema. Ndiyo sababu kila pambano la filamu hii, ukilitazama peke yake, linastaajabisha, na ukiyatazama yote kwa mfuatano kuna mahali fulani baada ya nusu ya kwanza ambapo jicho linaanza kuteleza.

Isipokuwa pale walipokumbuka kwamba watazamaji wao walikuwa wachezaji. Katika uwanja wa mji, joka Bahamut anapaa, na Cloud hawezi kumfikia. Rafiki zake waliotawanyika wanafika, kila mmoja akiwa amejifunga utepe wa waridi mkononi kwa kumkumbuka Aerith, na mmoja baada ya mwingine wanampokea Cloud hewani na kumrusha juu zaidi. Ni zamu za mapambano ya gemu zilizogeuzwa kuwa mwendo: yule mchezaji aliyekuwa akichagua nani apige sasa na nani afuate anaziona chaguo zake zikitekelezwa zenyewe, pasipo kubonyeza kitu. Mkono wa mwisho unaomsukuma ni wa Aerith. Ukifundisha siku moja, onyesha tukio hilo, kisha waulize wanafunzi wako kwa nini halichoshi ilhali lina vurugu sawa na mengine. Muziki wa Nobuo Uematsu pia umetumiwa kwa nidhamu hiyohiyo: One-Winged Angel, uliosikika kwa mara ya kwanza katika pambano la mwisho la gemu, umefichwa mpaka Sephiroth mwenyewe anaporejea.

Kuhusu gemu ya pili, kampuni haikuiacha biashara hiyo. Filamu ilikuwa mguu mmoja wa mpango mpana uliojumuisha gemu ya simu Before Crisis ya 2004, Dirge of Cerberus ya 2006 na Crisis Core ya 2007. Tukikadiria kwa ubora, Crisis Core ndiyo iliyoshinda zote, ikiwamo filamu, lakini hilo ni swali la ukurasa mwingine.

*Ndugu Mhariri, mimi hiyo nimekwisha kuiona. Zipi nyingine ni mwendelezo wa kweli wa gemu, na si gemu iliyosimuliwa upya? — Msomaji, Arusha*

Ni chache kuliko unavyodhani. Filamu nyingi zinazotokana na gemu husimulia upya, na hata ile iitwayo The Super Mario Galaxy Movie iliyotangazwa mwaka 2025 ni mwendelezo wa filamu ya 2023, si wa gemu fulani.

Ukipenda ya kutisha, anza na Resident Evil: Degeneration ya 2008. Inawakutanisha tena Leon Kennedy na Claire Redfield, ambao wachezaji waliwaona pamoja katika gemu ya Resident Evil 2 ya 1998, na inasimulia mkurupuko mpya wa virusi katika uwanja wa ndege, miaka 7 baada ya kuangamizwa kwa mji wa Raccoon. Imefuatwa na Damnation ya 2012, Vendetta ya 2017 na Death Island ya 2023. Hizi hujipenyeza kati ya gemu moja na nyingine bila kubadilisha chochote, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake: unajua tangu mwanzo kwamba Leon hatakufa, kwa kuwa ana gemu nyingine inayomsubiri. Damnation ndiyo tuliyoipenda, kwa sababu inampeleka peke yake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Ulaya Mashariki na kumwacha miongoni mwa watu ambao hatima yao hatuijui.

Jihadhari na Kingsglaive: Final Fantasy XV ya 2016. Picha zake ni za kupendeza, lakini si mwendelezo. Inakwenda sambamba na mwanzo wa gemu iliyotoka miezi michache baadaye, na ina mambo ambayo gemu ilipaswa kuyasimulia yenyewe. Mfalme anauawa na mji mkuu unaanguka ndani ya filamu, huku mchezaji asiyeiona akiletewa habari hiyo kwa vipande vifupi tu. Kumuuzia mtu hadithi kwa nusu namna hiyo hatukubaliani nako.

Na kama unataka kuona filamu iliyowakasirisha wachezaji kuliko zote, itazame Dragon Quest: Your Story ya 2019, iliyotokana na Dragon Quest V ya mwaka 1992. Si mwendelezo, lakini dakika zake za mwisho zinataka kuwa hivyo: shujaa anaambiwa kwamba yeye ni mtu mzima aliyekaa ndani ya mchezo na kwamba wakati wa kukua umefika. Shujaa anajibu kwa kuutetea mchezo, ndiyo, lakini wachezaji wengi walikuwa wamekwisha kuudhika kwa kukumbushwa katikati ya furaha yao kwamba hayo yote ni mchezo, jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amelisahau.

*Mhariri, mwanangu ana miaka 9 na anawapenda sana Mario na Luigi. Sasa binamu zake wakubwa wamemtajia hiyo Advent Children na haachi kuiomba. Je, nimruhusu? — Mama, Zanzibar*

Mama yetu, tungekushauri usubiri. Nchini Marekani filamu hii iliwekwa katika daraja la PG-13, yaani mzazi atahadhari sana kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, kwa sababu ya mapigano yake. Sisi hatuhofii mapigano hayo sana, maana watu wanaruka juu ya maghorofa na kuangukia mgongo bila kuvunjika, na mtoto wa siku hizi anajua kwamba hiyo ni katuni. Tunahofia watoto waliomo ndani yake. Ni wagonjwa, wana madoa meusi yanayotoka majimaji, wanalala mitaani, kisha Kadaj anawakusanya kwa ahadi ya kuwaponya, anawanywesha maji ya ziwa yaliyogeuka kuwa meusi, na macho yao yanabadilika yakawa kama yake. Mtoto wa miaka 9 hatamtazama Cloud. Atawatazama wenzake, na usiku atakuja chumbani kwako.

Mpe kwanza The Super Mario Bros. Movie ya 2023, kama hajaiona, iliyotengenezwa na Illumination pamoja na Nintendo, huku Shigeru Miyamoto aliyembuni Mario akiwa mmoja wa watayarishaji wake. Na wale binamu wakubwa, kama wana gemu ya 1997, waambie wamkalishe kando yao wanapocheza saa zile za mwanzo, yeye awasomee visanduku vya buluu kwa sauti. Advent Children itakuwepo akifika miaka 13.